Kosta ya Kulala, Kirikuu ya Kuzurura

Ile ndoto ya kumiliki kempa mbili, moja bonge la basi la kulala na nyingine kitu kidogo cha kupenyea maporini, wengi tunaiona ni mambo ya Mzungu mwenye pensheni. Unamkuta katokea Kigoma kwa njia ya Mpanda, katoboa Hifadhi ya Katavi, kashuka Sumbawanga, sasa anaitafuta Kasesya avuke Zambia. Lori refu, sola juu, kitanda, jiko, bafu. Nyuma kafunga pikipiki. Madogo wa mpakani wanalizunguka lori mpaka wanachoka. Mimi macho yangu yanaenda kwenye ile pikipiki, maana ndiyo inayokiri kitu ambacho lori halitaki kusema: kuna sehemu nzuri ambazo bonge haliingii.

Kama Kasesya huipati rada, iko Wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa. Ng'ambo ni Zombe, ukinyoosha unaibukia Mbala. Siyo Tunduma. Tunduma foleni ya malori inaweza kukuzeesha; Kasesya ni kimya, upepo na mahindi, ndiyo maana watu wa safari ndefu wanaipenda.

Wenzetu Wamarekani hilo la bonge na dogo walishalimaliza kwa staili yao: basi la kulala linakokota kigari nyuma. Likifika kambini linapaki, kigari ndicho kinaenda sokoni. Mjerumani mmoja, Gunther Holtorf, alikataa kabisa mambo ya ubonge. Ndinga yake ilikuwa Mercedes G moja tu, akaibatiza Otto, akazunguka nayo dunia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2014, karibu kilomita 900,000, analala humohumo. Heshima kwake mzee. Ila sidhani kama aliwahi kubeba masela sita, spika na sufuria la pilau.

Sasa sisi wa huku Ufipa mashine zote mbili tunazo mtaani, tumezizoea tu mpaka hatuzioni. Kosta na Kirikuu.

Anza na Kosta. Japani na Australia watu wananunua Toyota Coaster kuukuu, wanang'oa siti, wanaweka kitanda na jiko, basi, nyumba hiyo. Ile ndefu inakaribia mita 7, na yenye paa la juu mtu wa kimo cha kawaida anasimama bila kuinama. Kilichonishika mimi ni injini. Kosta nyingi za zamani zina 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo, pampu yake haijui kompyuta ni nini. Injini hiyohiyo imo kwenye Land Cruiser mkonga, zile za ambulensi na miradi. Maana yake fundi aliyeshinda gereji ya Sumbawanga akipaka grisi mikonga ya serikali anaijua Kosta yako kuliko unavyoijua wewe. Yule Mzungu wa lori kifaa kikifa anaagiza Ulaya na kungoja.

Ndani usijitie mbwembwe. Fundi seremala akupigie kitanda cha mbao, chini yake masanduku. Mtungi wa gesi wa kilo 6, simtanki dogo la maji, sola moja na betri ya kuchajia simu na taa. Pazia zito. Na blanketi, mwanangu, usilete zile za Dar. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya bahari, na mwezi wa sita na wa saba upepo wa uwanda ule hauna mti wa kuuzuia. Zile picha za kijana kalala kwenye hema juu ya keria, zinapendeza sana Instagram. Kalale hivyo Ufipa Julai, halafu uniambie.

Kirikuu sasa. Mtaani ni ya kubebea nyanya, mkaa, kochi la mtu anayehama. Lakini huko inakotoka ina ukoo. Ni Suzuki Carry, kabila la vigari ambavyo sheria ya Japani inavibana visizidi cc 660, urefu mita 3.4 na upana mita 1.48. Wajapani wenyewe wanapachika kijumba kidogo juu yake na kwenda kulala milimani. Kwa hiyo ukiwa na Kirikuu, turubai zuri na godoro la futi tatu na nusu, wewe tayari una kempa, hujaambiwa tu.

Na upana ule ndio mpango mzima. Vijijini Kalambo njia nyingi zimechongwa na mikokoteni ya maksai. Kosta ukiipeleka pale unaanza kukata matawi ya miembe ya watu, na mwenye mwembe anakuja. Mvua zikianza Novemba, udongo unageuka sabuni mpaka Aprili. Kirikuu ikinasa, masela wanne wanainyanyua, wanacheka, safari inaendelea. Kosta ikinasa unatafuta trekta, na mwenye trekta anajua kabisa huna pengine pa kwenda.

Chukua mfano wa Maporomoko ya Kalambo, chimbo la kuanzia. Maji yanadondoka mita 235 hivi kwa mruko mmoja, nusu yetu nusu Zambia, na ndege marabu wanajenga viota kwenye kuta za mwamba. Upande wetu watu wa misitu, TFS, wanasimamia na kuna ngazi za kushukia. Kosta inakaa vizuri Matai, lami ile ya kwenda Kasanga inaifikisha bila kelele. Toka pale kuelekea Kapozwa, kijiji cha jirani na maporomoko, ni kazi ya dogo. Halafu ukikaa pale juu ukajiona mjanja wa kambi, kumbuka mwaka 2023 wataalamu walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa, yamefukuliwa hapohapo juu ya maporomoko, yana miaka 476,000. Kabla ya binadamu wa aina yetu. Kuna jamaa alishapiga kambi Kalambo, tena na fundi seremala wake.

Mpunga. Hapa bonge linaumia kila kona. Gari la tani 3.5 kwenda juu linaingia mizani barabarani. Hifadhi za TANAPA gari linalipia kwa uzito wake. Ukivuka Zambia, kodi yao ya moshi kwa magari ya nje inapangwa kwa ukubwa wa injini, kwa hiyo lita 4.2 iko daraja la juu na cc 660 iko la chini kabisa. Sheria zote hizi zimeandikwa kama vile aliyezitunga anaendesha Kirikuu.

Ndio maana form yangu iko hivi: dogo miliki mwenyewe, bonge mmiliki kwa mchezo. Masela sita mnachangishana kila mwezi, Kosta inaandikwa jina moja lakini karatasi ya makubaliano inasainiwa na wote mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Msilete undugu kwenye hilo. Kununua bonge peke yako ili ulale nalo wikiendi mbili kwa mwaka ni kiki, na kiki haijazi tangi.

Na kabla hamjamtamani Mzungu, waangalieni madereva wa malori. Wale ndio wana-kempa wa kweli wa nchi hii na hakuna anayewapiga picha. Kitanda nyuma ya siti, kisanduku cha vyombo ubavuni mwa trela, utingo anasonga ugali kivulini mwa tairi, nguo zimeanikwa kwenye kioo. Mtu anaishi Tunduma siku kadhaa hivyo na anakula vizuri kuliko wewe hotelini. Ukitaka kujua nini kibebwe na nini kiachwe, muulize utingo.

Tatizo lililobaki ni moja, nalo sijaliona likitatuliwa kwa amani. Mmefika Matai, Kosta imepaki, kesho asubuhi ni Kasesya, kadi ya njano ya COMESA mkononi, mnavuka mkaone Makumbusho ya Moto Moto pale Mbala. Kirikuu mbele ina siti mbili. Nyuma trafiki hataki kuona kichwa cha mtu. Nyie mko sita, na kila mmoja anadai migebuka ya jana aliipika yeye.