Jiko Lenye Kiuno

Wengi wetu tumeonywa nyumbani: "Usiposoma utaishia jua kali kugonga mabati!" Mimi nimeambiwa hivyo mara nyingi, tena na Mama mwenyewe. Lakini mwezi wa Julai Mama huyo huyo ndiye aliyenituma kwa wagonga mabati, amekasirika si mchezo. Jiko alilonunua kwa mchuuzi wiki tatu nyuma, kwa sababu lilipungua shilingi 150 kwa bei, lilikuwa limemwaga udongo wake wote wa ndani kwenye majivu. Githeri bado ilikuwa mbichi.

Julai hapa Lanet si mwezi wa kuchezewa. Tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na baridi ya jioni inauma. Gesi imeingia katika nyumba nyingi, ni kweli, lakini nani atachemsha mahindi na maharagwe saa tatu nzima kwa gesi?

Fundi niliyempata hufanyia kazi kando ya barabara kuu ya Nairobi. Alilipindua jiko letu, akacheka.

"Nani amewauzia hii, kijana wangu?"

"Mtu wa mkokoteni, mzee."

"Hii imebandikwa matope tu. Hakuna simenti hapa."

Nikaketi juu ya debe, naye akanieleza huku akiendelea na kazi. Jiko la zamani lilikuwa bati tupu. Bati hupitisha joto upesi, kwa hiyo moto mwingi ulipotelea ubavuni badala ya kwenda kwenye sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo wataalamu na mafundi wa Kenya walipochukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, ambalo lina udongo uliochomwa ndani yake, wakalibadilisha lifae sufuria zetu na upishi wetu. Wakalitia kiuno: juu pana, katikati jembamba, chini pana tena. Kule chini kupana hulizuia lisipinduke mtu anaposonga ugali. Chungu cha ndani hukaa nusu ya juu peke yake, kikishikiliwa na kile kiuno, na majivu huanguka chini kupitia matundu yake. Likitengenezwa vizuri, hupunguza makaa kwa thuluthi moja au hata zaidi. Jiko hilo limeenea hadi Uganda, Tanzania na Ethiopia.

Sasa tazama kazi yenyewe. Bati linatoka kwenye pipa kuukuu la mafuta. Fundi hulipasua kwa tindo na nyundo, akalinyoosha, kisha akaweka kigezo juu yake na kuchora kwa msumari. Kipande kinachotoka kimepinda kama mwezi mchanga. Ukikikunja, unapata nusu ya jiko! Hiyo ndiyo pia iliyokatwa ncha, wasomaji, ile ile ya Hisabati iliyonipa alama 4 kwa 10. Kingo mbili hukunjwa zikashikana, zikagongwa, bila kuchomelewa. Halafu mlango mdogo wa hewa, miguu, mikono, na vishikilio vitatu vya sufuria.

Chungu cha ndani hakifinyangi yeye, hununua kwa wafinyanzi. Hapo ndipo penye siri. Kabla ya kulipa hukigonga kwa kidole. Kikilia kama kikombe, kimeiva motoni. Kikitoa sauti nzito iliyokufa, kina ufa au hakikuchomwa vya kutosha. Akishakiweka, hujaza nafasi iliyobaki kati yake na bati kwa simenti iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto. Wale wa bei rahisi hupaka udongo mtupu, wakalipaka jiko rangi nzuri, basi. Wewe utajua baada ya wiki tatu.

Nilimuuliza kama biashara ni nzuri. Akasema mwaka wa 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na bei ya makaa ikapanda, watu walikuja kwa wingi wakitaka jiko lisilokula sana. Wengine, wapi! walitaka la bei rahisi.

Alitutilia chungu kipya katika bati lile lile, akanionya mambo mawili: tusiliwashe kabla simenti haijakauka vizuri, na tusilale nalo ndani ya nyumba iliyofungwa, hata baridi iwe namna gani. Hewa ya makaa haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mama alilifunika kwa gunia siku tatu asije mtu akaliwasha. Siku ya nne githeri iliiva kabla ya habari za saa moja.