Macho Mbele, Tarumbeta Juu

Msimu wa kanivali mjini New Orleans huanza siku ya Epifania, tarehe 6 Januari, na kufikia kilele Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu. Wiki mbili za mwisho maandamano hupita karibu kila jioni: magari makubwa yaliyopambwa, watu waliovaa vinyago wakirusha shanga, na kati ya gari na gari, bendi za shule. Mgeni hutazama magari. Wenyeji, hasa wa mitaa ya Weusi, wametoka kusubiri bendi. Wapo wazee wanaoitambua shule kabla haijaonekana, kwa kuusikia tu mlio wa ngoma zake ukiwa bado kona ya pili.

Wanaopuliza na kupiga ni watoto wa sekondari, wenye miaka kati ya 14 na 18. Wanatembea kilomita nane au zaidi, wakishuka Barabara ya St. Charles chini ya mialoni mikubwa hadi Mtaa wa Canal, huku wakicheza muziki karibu njia nzima. Anayebeba susafoni, lile tarumbeta kubwa linalozungushwa mwilini, ana zaidi ya kilo 10 begani. Shanga zimetapakaa kwenye lami na zinateleza. Na mara nyingi kesho yake kuna maandamano mengine, na keshokutwa mengine.

Kinachowafikisha mwisho wa njia ni masharti, nayo ni mengi. Shule nyingi za Marekani zenye bendi hazimkabidhi mtoto chombo kabla yeye na mzazi wake hawajatia saini kijitabu cha sheria. Ukikisoma haraka haraka utadhani umeingia kambi ya jeshi, na kwa kweli ukoo wake ni huko. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wapigaji wengi wa bendi za jeshi walirudi nyumbani wakawa walimu wa muziki shuleni. Mwaka 1923 yalifanyika Chicago mashindano ya kwanza ya kitaifa ya bendi za shule, na watengenezaji wa vyombo vya muziki, waliokuwa wakitafuta soko jipya, ndio waliotoa fedha.

Sharti la kwanza ni saa. Mazoezi yakiwa saa kumi jioni, mtoto anatakiwa awe amekwisha kaa, chombo mkononi, saa kumi kasorobo. Walimu wa bendi Marekani nzima husema kwamba kufika kwa wakati tayari ni kuchelewa. Ugonjwa na msiba ni udhuru, tena kwa barua ya mzazi. Kibarua cha dukani si udhuru, wala sherehe ya binamu. Kwa kuwa bendi ni somo lenye alama kama hesabu, anayekosa onyesho bila ruhusa hulikuta kosa lake kwenye ripoti ya muhula.

Ukali huo una sababu inayoonekana kwa macho. Timu ya futiboli ya Kimarekani huweka wachezaji 11 uwanjani na wengine hukaa benchi. Bendi haina benchi. Aliyefaulu mtihani wa nyimbo ana nafasi yake kwenye safu, na safu ya wanane ikibaki na saba, pengo huonekana hata na mtu aliye juu kabisa jukwaani. Mtoto ambaye mbio hana, kimo hana, na darasani hajulikani, hapa anakuta mahali ambapo asipokuja anatafutwa. Hilo ndilo jambo kubwa ambalo bendi hizi huwapa watoto, na bila masharti makali lisingewezekana.

Mafunzo huanza kiangazi, shule zikiwa bado zimefungwa, katika joto la Louisiana lenye unyevu unaolowesha shati kabla ya saa tatu asubuhi. Wageni hawagusi muziki mwanzoni. Wanafundishwa kusimama, kugeuka, kisha kutembea. Hatua ya kawaida ya bendi za Marekani ni nane kwa kila yadi tano, yaani kila hatua ina sentimita 57 hivi. Uwanja wa futiboli una mstari kila yadi tano, kwa hiyo mtoto hujipima mwenyewe: akihesabu nane, unyayo uwe juu ya chokaa. Ukiwa umepita au haujafika, safu nzima inarudi mwanzo. Bendi zilizokulia katika desturi ya vyuo vya Weusi huongeza lingine: goti hupandishwa mpaka paja lilale sambamba na ardhi, vidole vya mguu vikielekea chini, kila hatua, mdomo ukiwa bado kwenye chombo. Anayejaribu kwa mara ya kwanza huishiwa pumzi kabla ya kumaliza urefu wa uwanja. Hapo hata noti moja hajapuliza.

Vyombo vina adabu zake. Kuchukua chombo cha mwenzako bila ruhusa ni kosa. Vali hutiwa mafuta, kipande cha mdomoni huoshwa, na hakuna anayeweka daftari wala chupa ya soda juu ya ngoma. Nyimbo za barabarani huchezwa kwa kichwa, bila karatasi. Asiyezijua hapangwi siku hiyo, hata kama babake ndiye aliyechangia basi.

Sare ni mali ya shule, ina namba, na bei yake ni mamia ya dola. Huvaliwa kamili au haivaliwi. Nywele huingizwa ndani ya kofia, hereni hubaki nyumbani, rangi ya kucha hufutwa, na ukiwa umeivaa hunywi chochote isipokuwa maji. Soksi ni nyeusi. Mzazi mgeni huona hili la soksi kuwa ukorofi wa bure, mpaka siku atakapoona magoti 100 yakipanda pamoja na soksi moja nyeupe ikimulika katikati.

Barabarani sheria hupungua na kuwa kali zaidi. Macho mbele. Shanga zikirushwa, huinami. Bibi akiliita jina lako kutoka kando ya njia, husikii. Pembeni ya kila safu hutembea wazazi na ndugu waliojitolea, wakibeba maji, dawa na viatu vya akiba, na kuwazuia walevi wasikatize katikati ya wanafunzi. Dramu meja, yule kiongozi wa mbele mwenye fimbo na filimbi, mara nyingi ana miaka 17 tu, na amri yake inatiiwa na wenzake zaidi ya 100. Karibu na mzunguko wa Harmony Circle njia hupita chini ya daraja la barabara kuu. Hapo zege hurudisha sauti, na kila bendi huhifadhi pumzi kwa ajili ya mahali hapo, ili iliyo nyuma isikie na ijue. Msomaji anayezijua habari za ngoma ya beni, jinsi vikundi vya Marini na Arinoti vilivyoshindana Tanganyika kwa sare, vyeo na tarumbeta, hatakuwa mgeni katika ushindani huu. Mwalimu mzuri huuruhusu, ila hamruhusu mtoto apulize mpaka sauti ipasuke.

Mji huu una ushahidi wa zamani wa kile ambacho bendi ya watoto inaweza kufanya. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 mvulana wa miaka 11 alifyatua bastola hewani mtaani, akakamatwa na kupelekwa Colored Waif's Home, makao ya watoto Weusi yaliyoendeshwa kwa taratibu za kijeshi. Jina lake Louis Armstrong. Mwalimu wa bendi, Peter Davis, hakumwamini mwanzoni kwa sababu ya mtaa aliotoka. Katika kitabu chake cha mwaka 1954, Armstrong anasimulia jinsi alivyopandishwa polepole, tangu tari, ngoma, kisha honi ya alto, kisha buruji ya kuwaamsha wenzake. Buruji aliikuta imechakaa, akaisugua mpaka ikang'aa. Baadaye alipewa koneti na kufanywa kiongozi wa bendi. Siku walipoandamana kupita mtaa aliokulia, majirani walijaza kofia kwa sarafu, na fedha hizo zilinunua vyombo na sare mpya. Mwaka 1960 mtu huyohuyo alizunguka Afrika na tarumbeta lake, akapigia hadi Kongo.

Lakini mfano unaostahili kusimuliwa kwa utulivu ni wa St. Augustine, shule ya wavulana ya Kikatoliki iliyofunguliwa mwaka 1951 kwa ajili ya Weusi, wakati ubaguzi ukiwa bado ni sheria. Bendi yake, Marching 100, ilijengwa na Edwin Hampton, aliyeanza kuifundisha mwaka 1952 na kuiongoza kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1967 ilialikwa katika maandamano ya Rex, chama cha Wazungu wenye hadhi ya juu mjini, ikiwa bendi ya kwanza ya sekondari ya Weusi kufanya hivyo. Wavulana walitukanwa njiani. Walirushiwa vitu, hata mkojo. Agizo la Hampton lilikuwa wasijibu. Waliendelea kutembea na kupuliza, safu zikiwa zimenyooka, mpaka mwisho wa njia.

Kwa hiyo sheria ya macho mbele, ambayo katika kijitabu ni mstari mmoja tu, mjini New Orleans ina historia. Kijana wa leo anayeambiwa asigeuze shingo anaambiwa na watu ambao baba zao au babu zao hawakuigeuza walipokuwa wakitemewa mate. Wazee wa mji husimama bendi hiyo inapopita, na haielekei ni kwa ajili ya muziki peke yake.

Kimbunga Katrina kilipofika tarehe 29 Agosti 2005 na maji kufunika karibu asilimia 80 ya mji, bendi nyingi zilipoteza vyombo, sare na wanafunzi kwa wakati mmoja. Januari 2006 shule tatu za Kikatoliki, St. Mary's Academy, St. Augustine na Xavier Prep, ziliungana kwa muda katika majengo ya Xavier Prep, ambayo ilikuwa ya wasichana, kama ilivyokuwa St. Mary's. Zilijiita MAX, kwa herufi za majina yao. Wiki chache baadaye bendi ya MAX ilikuwa barabarani kwenye kanivali, wavulana na wasichana waliokuwa wapinzani sasa wakihesabu nane pamoja, wengi wao wakiwa hawana nyumba za kurudi.

Ingekuwa si haki kusifu nidhamu hii bila kutaja inapoharibika. Mwaka 2011 ulileta mijadala miwili. Mmoja ulikuwa wa St. Augustine yenyewe, ambayo kwa miaka 60 iliadhibu wanafunzi kwa ubao wa kuchapia. Askofu Mkuu Gregory Aymond na shirika la mapadre wenye shule walitaka ukome. Wazazi, wahitimu na hata wanafunzi wenyewe waliandamana kuutetea, wakisema ndio uliowajenga. Msomaji wa Tanzania au Kenya anazijua hoja za pande zote mbili, maana ni zilezile za viboko. Ubao uliondolewa. Bendi iliendelea kuandamana, na hilo lenyewe ni jibu tosha kwa waliodhani bila ubao isingesimama.

Mjadala wa pili ulikuwa mzito kuliko huo. Novemba 2011, huko Orlando, mmoja wa dramu meja wa bendi maarufu ya Chuo Kikuu cha Florida A&M alipigwa na wenzake ndani ya basi katika desturi ya kukaribishana kwa mateso, akafa. Bendi ilisimamishwa hadi 2013, na rais wa chuo pamoja na mkuu wa bendi wakaondoka. Uchunguzi ulionyesha kwamba zaidi ya 100 katika bendi hiyo hawakuwa hata wamesajiliwa kama wanafunzi wa chuo hicho. Habari hiyo iliwagusa watu wa New Orleans kwa karibu, kwa sababu walimu wengi wa bendi za sekondari ni wahitimu wa bendi za vyuo vya Weusi na ndoto ya wanafunzi wao ni kufika huko. Sharti lililoandikwa, likasainiwa na mzazi na kutekelezwa uwanjani mbele ya watu, lina mtu wa kulijibia. Mila ya ndani ya basi haikuwa na mwandishi, na waliojua walinyamaza kwa kuwa wao pia waliipitia. Mwalimu asiyezungumza waziwazi na wanafunzi wake kuhusu tofauti hiyo siku ya kwanza ya mazoezi anawaacha watoto wa watu hatarini.

Kazi nzuri zaidi ya miaka hii inafanywa na watu waliolelewa na bendi hizo. Mwaka 2007 Derrick Tabb, mpiga ngoma wa Rebirth Brass Band, alishiriki kuanzisha Roots of Music kwa watoto wa miaka 9 hadi 14, wakati ambapo shule nyingi zilikuwa zimefunguliwa tena bila masomo ya muziki. Tabb husimulia kwamba mwalimu wake wa bendi ndiye aliyemnusuru na mtaa. Mpango wake haulipishi. Watoto huletwa kwa basi baada ya shule, husaidiwa masomo ya darasani, hufundishwa muziki, hupewa chakula cha moto na kurudishwa nyumbani. Tarehe 1 Januari 2013 bendi yao ilitembea kilomita 9 hivi za maandamano ya maua ya Pasadena, California, baadhi ya wapigaji wakiwa wafupi kuliko vyombo vyao. Wanaovuka miaka 14 huenda kwenye bendi za sekondari, ambako walimu huwapokea kwa furaha iliyo wazi: wameshajua kuja mapema, na kuhesabu nane hawafundishwi tena.