Kwa nini simu hupoteza fomu uliyokuwa ukijaza?

Umekaa nusu saa ukijaza maombi ya ufadhili wa masomo kwenye simu. Fomu inataka picha ya cheti. Unafungua kamera, unapiga picha, unarudi. Fomu ni tupu. Bando limekwisha, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma.

Wengi hudhani ni mtandao, au kwamba wamebonyeza vibaya. Mara nyingi sababu ni RAM ya simu kujaa. Ukielewa inavyofanya kazi, unaweza kujikinga.

RAM na hifadhi si kitu kimoja

Hifadhi hutunza picha, nyimbo na programu zako hata simu ikizimwa. RAM hushika kile kinachotumika sasa hivi tu. Simu ikizimwa, RAM hubaki tupu.

Mfikirie fundi cherehani sokoni. Hifadhi ni rafu yake ya vitambaa, RAM ni meza anayokatia. Hata akitoa vitambaa vyote kwenye rafu, meza haiwi kubwa zaidi. Ndiyo maana kufuta picha hakuongezi RAM.

Nani anaamua kipi kifungwe?

Ni mfumo endeshi wa simu, kwa wengi wetu Android. Huipa kila programu eneo lake na kuzuia nyingine zisiliingilie. Nafasi ikipungua, kwanza hubana data ambazo hazijaguswa kwa muda, kama fundi anavyokunja kitambaa ili kichukue nafasi ndogo. Isipotosha, huanza kufunga programu. Ile iliyo mbele yako kwenye skrini hulindwa. Zilizobaki nyuma hutangulia kufungwa.

Ulipofungua kamera, fomu ilibaki nyuma. Kamera hutumia RAM nyingi. Kwenye simu yenye RAM ya GB 1 au 2, kivinjari kinaweza kufungwa bila kukuarifu, na majibu ambayo hayajahifadhiwa yakaondoka nacho.

Kabla ya kujaza fomu

- Piga picha za hati zote kwanza, kisha ndipo ufungue fomu. Ukiombwa picha, ichague kutoka kwenye simu badala ya kufungua kamera.
- Andika majibu marefu kwenye programu ya kuandikia, uyahifadhi, kisha uyanakili kwenye fomu.
- Zima simu na kuiwasha tena. Usifungue programu nyingine wala kurasa nyingi za kivinjari.
- Kama fomu ina kitufe cha kuhifadhi, kibonyeze kila unapomaliza sehemu.
- Usihamie WhatsApp kujibu ujumbe kabla hujahifadhi.

Je, programu za "kusafisha RAM" zinasaidia?

Kwa kawaida hapana. Android hufanya kazi hiyo yenyewe. Programu hizo nazo hukaa kwenye RAM. Tena, programu iliyofungwa ikifunguliwa upya huanza mwanzo, jambo linalokula chaji zaidi.

Unaponunua simu

Muuzaji akikuambia "GB 64", muulize: ni RAM au hifadhi? Mara nyingi ni hifadhi. Simu ikiandikwa 2+32, namba ya kwanza ni RAM, ya pili ni hifadhi. Angalia pia "RAM ya nyongeza". Simu inayotangazwa kuwa na GB 8 huenda ina GB 4 za kweli, na nyingine 4 zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole kuliko RAM. Fungua mipangilio ya simu, sehemu inayoeleza kuhusu simu, uhakikishe kabla ya kutoa pesa.

Na kama leo una fomu ya kujaza kwenye simu ndogo, anza na picha za hati. Fomu ije mwisho.