Puli, kapi na ufunguo usio ufunguo: lugha ya kufunga puli ya krenki

puli *nm* [i-/zi-] gurudumu lenye mfereji mzingoni, lililokazwa kwenye mhimili unaozunguka, ambalo hupokea au hupeleka mzunguko kwa njia ya mkanda.

Neno hili limetoholewa kutoka Kiingereza, na wapo walimu wanaolifuta kwa wino mwekundu kwa hoja kwamba Kiswahili kina *kapi* tangu zamani. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Kapi ni chombo cha mabaharia: kamba hupita juu yake, tanga au mzigo ukapanda. *Roda*, tuliyoachiwa na Wareno, ni lile gurudumu lililo ndani ya kapi, ingawa wengi huita hivyo chombo kizima. *Gofia* nayo ni kapi la kamba ya kupandishia tanga jahazini. Katika hizo zote, gurudumu huelea tu kwenye ekseli yake, na kazi yake ni kugeuza mwelekeo wa uvutaji. Puli ya injini haielei. Imeshikamana na mhimili, huzunguka pamoja nao, na inachopeleka ni mzunguko. Mfasiri anayeandika "kapi la injini" kwa kuogopa neno la kigeni anamchorea fundi picha ya bandarini. Sisi tunashauri *kapi* libaki la kamba, na *puli* iwe ya mkanda.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Nenda Mchombe, katika bonde la Kilombero, kwenye njia itokayo Ifakara kuelekea Mlimba, ambako mpunga ndio uhai wa watu. Pale kwenye mashine ya kukoboa inayoendeshwa kwa dizeli, injini iko upande mmoja, kikoboleo upande wa pili, na kati yake unakimbia mkanda juu ya puli mbili. Ukubwa wa puli hizo ndio unaoamua kasi. Injini ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, na puli yake ikiwa na kipenyo cha sentimita 15, kikoboleo chenye puli ya sentimita 20 kitazunguka mara 900. Mtu akibadilisha puli ya kikoboleo akaweka ya sentimita 15, kasi hupanda hadi 1,200, na mkulima aliyetarajia mchele mzima huenda akapewa chenga. Kwa hiyo mwongozo unaosema "puli kubwa" bila kutaja ni ya upande gani umeacha neno ambalo bei ya gunia inalitegemea. Andika *puli ya injini* na *puli ya mashine*, au *puli inayoendesha* na *puli inayoendeshwa*.

Kwa zoezi la tafsiri, hata hivyo, tumechagua injini nyingine: ile ya Volkswagen la zamani ambalo watu hulifananisha na kobe. Gari hilo lina historia yake huku kwetu. Lilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo mbio hizo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Injini yake haina rejeta. *Hupozwa kwa hewa*. (Epuka "injini ya hewa", kwani hiyo ingekuwa injini inayoendeshwa na hewa.) Puli iliyo kwenye krenki huvuta mkanda, mkanda huzungusha dainamo, na feni ya kupozea imefungwa kwenye mhimili uleule wa dainamo. Puli ikilegea au mkanda ukikatika, feni husimama, na injini isiyo na maji ya kuisaidia hupata joto la kuiharibu kwa muda mfupi. Ndiyo maana maelekezo ya kazi hii hayavumilii neno la kukisia.

Tuanze na kitenzi. Kwa kazi hii fundi husema *kufunga*: hufunga puli, hufunga injini, na akiibomoa kwa matengenezo husema ameifungua. Mwanafunzi aliyezoea kufunga mlango hushangaa, lakini matumizi haya yamekomaa na ni sahihi. *Kusakinisha* kumezoeleka kwa programu za kompyuta. Kukikipeleka gereji ni kumfanya fundi acheke. *Kusimika* kunafaa nguzo, mtambo mkubwa au kiongozi. Kwa sehemu inayoingia ndani ya nafasi yake tumia *kupachika* au *kuchomeka*. Kwa bolti, *kukaza*. Jambo moja zaidi, nalo ni la walimu hasa: usiunganishe kitenzi *kupiga* na neno puli, kwa kuwa mitaani kuna msemo wa namna hiyo wenye maana isiyofaa darasani.

Mtego mkubwa zaidi umo katika kipande kidogo kuliko vyote. Puli haishikwi na bolti peke yake. Kwenye krenki kuna kijishimo kilichochongwa, na ndani yake hukaa kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Mgongo wake huchomoza na kuingia katika mfereji wa puli, ili puli ikae mahali pamoja tu na isigeuke peke yake. Kiingereza hukiita kipande hicho kwa neno lilelile la ufunguo. Mfasiri wa haraka, au programu ya tafsiri, huandika: "Hakikisha ufunguo upo kabla ya kufunga puli." Msomaji anapapasa mfukoni, anaukuta ufunguo wa gari, anaendelea. Bila kipande kile, alama za muda wa cheche zilizo kwenye ukingo wa puli hazina maana tena, kwa sababu puli yaweza kukaa popote. Na anayerekebisha moto kwa kuzifuata alama hizo atakuwa anaipotosha injini kwa uangalifu mkubwa. Neno moja linalokubalika na wote hatuliwekei sahihi hapa. Kuandika *kipande cha nusu mwezi cha kuzuia puli isigeuke* ni kurefu, lakini hakuna atakayepotea.

Kisha kuna nguvu ya kukaza. Krenki ya injini hii ina ncha mbili, na kila ncha ina bolti yake kubwa. Ile ya puli hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 45. Ile ya upande wa pili, inayoshika gurudumu zito linalobeba klachi, huhitaji takriban 350. Sentensi isemayo "kaza bolti ya krenki kwa nguvu" inaweza kumfanya mtu aharibu hesi za upande mmoja, au aache gurudumu zito likiwa legevu upande wa pili. Taja upande, taja kiasi, na usiandike kamwe "kaza mpaka mwisho": mwisho wa mtu mwenye mabavu si mwisho wa chuma.

Upande nao una fumbo lake. Katika magari mengi puli hutazama mbele. Katika Volkswagen hili injini iko nyuma ya gari, na puli hutazama nyuma kabisa. Gurudumu zito ndilo lililoelekea kwa dereva. Mtengenezaji anapoandika "mbele" humaanisha mbele ya gari, wala si upande wa puli. Hata namba za silinda hufuata kanuni hiyo: 1 na 2 ziko upande wa kulia wa gari, 3 na 4 upande wa kushoto, ilhali fundi aliyeinama nyuma ya gari akiitazama injini huwa hajali sana kulia ni kwa nani. Kiswahili kinatupa njia safi: *upande wa puli* na *upande wa klachi*. Hapo hakuna mbele wala nyuma ya kubishania.

Tafsiri ifuatayo tunaipendekeza kwa zoezi la darasani:

*Pachika kisahani cha kurusha mafuta, upande wake uliobonyea ukielekea puli. Weka kipande cha nusu mwezi katika kijishimo cha krenki. Paka oili kidogo kwenye shingo ya puli, kisha iingize taratibu hadi mfereji wake ukikalie kipande hicho. Usiigonge ukingoni kwa nyundo. Funga bolti ya puli na uikaze kwa nyutoni-mita 45. Rudisha mkanda. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati, ubonyee takriban milimita 15.*

Mwalimu awaulize wanafunzi kwa nini *ubonyee* umewekwa katika hali tegemezi, na nini kingebadilika kama ingeandikwa *utabonyea*. Ya kwanza ni kipimo anachotakiwa fundi akihakikishe. Ya pili ni ahadi, na fundi akiiamini hataona haja ya kupima.