Huyu naye tumwite mpiga picha tu?

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alinijia ofisini hivi majuzi na swali lililonikosesha jibu la haraka. Alikuwa akitafsiri orodha ya majina yanayopita mwishoni mwa filamu, naye alikuwa amekwama. "Mwalimu," akaniuliza, "huyu aliyeamua mwanga uingilie wapi na kamera isimame wapi, na yule kijana wa kule mtaani anayepiga picha za harusi, wote tuwaite mpiga picha?" Nilimjibu kwamba ndivyo Kiswahili kisemavyo. Hakuridhika, na kusema kweli mimi pia sikuridhika.

Kitenzi 'piga' katika lugha yetu kina kazi nyingi. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga kura. Katika miundo hiyo yote maana ya kugonga imekwisha kufifia, na kitenzi kimebaki kama mhimili tu wa nomino inayokifuata. Hapo hapana kosa. Hata hivyo, sikio la msikilizaji lina mazoea ya kumweka mpiga picha katika safu moja na mpiga pasi na mpiga chapa: mtu anayetumwa kazi, akaimaliza, akalipwa, akasahauliwa. Tunapotazama habari jioni, mwanahabari anayesema tunamjua kwa sura na kwa jina, hata watoto humwigiza. Aliyebeba kamera begani siku nzima juani, ni nadra kumjua.

Yupo Mkenya mmoja ambaye maisha yake yanaikanusha dhana hiyo. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 katika familia yenye asili ya Punjab, akakulia Dar es Salaam, na huko akaanza kucheza na kamera angali mwanafunzi. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini, alianzisha kampuni yake ya Camerapix katika mji huo huo. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalimkuta karibu, naye akavuka bahari kuyafuata. Zanzibar hiyo hiyo ilimfunga mwaka 1966 kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Alipotoka alihamia Nairobi, na Nairobi ndiyo iliyokuwa makao yake hadi mwisho.

Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, Amin alifika upesi na kuzinasa dakika zile. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya mpiga picha bora wa mwaka wa televisheni nchini Uingereza. Yamkini wapo watakaouliza: ni moyo gani huo wa kumwelekezea kamera mtu anayekata roho? Nami nimejiuliza. Sina hakika kwamba nimepata jibu linalonitosha, ila naona kwamba taifa ambalo lingali linaulizana juu ya kifo kile halina budi kumshukuru aliyeweka ushahidi wa macho.

Lakini kazi iliyomtangaza ulimwenguni ni ile ya Ethiopia, Oktoba 1984. Mwaka ule ukame ulitukumba hata sisi huku Kenya. Nilikuwa mtoto mdogo, na ninachokumbuka ni ugali wa mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, ambao tuliula huku tumekunja nyuso. Kaskazini ya Ethiopia hapakuwa na mahindi ya rangi yoyote. Palikuwa na ukame, palikuwa na vita katika Tigray na Eritrea, na palikuwa na serikali ya Mengistu ambayo mwezi uliotangulia ilikuwa imesherehekea kwa fahari miaka kumi ya mapinduzi yake. Amin aliingia huko pamoja na Michael Buerk, mwanahabari wa BBC, na taarifa yao ikatangazwa tarehe 23 Oktoba.

Nimewaonyesha wanafunzi taarifa hiyo mara kadhaa katika somo la uchanganuzi wa usemi, na kila mara nafanya jambo moja: naizima sauti kwanza. Ni alfajiri katika uwanda wa nje ya mji wa Korem. Watu wamelala chini, wamejifunika mashuka, moshi na ukungu vimetanda. Kamera inapita juu yao polepole mno, haikimbilii uso wowote, wala haitafuti kilio. Darasa zima hunyamaza. Kisha naifungua sauti, na hapo ndipo wanafunzi wanapotambua kwamba maneno ya Buerk, maarufu kama yalivyo, yanaufuata mwendo wa picha. Mimi niliyeajiriwa kuyatetea maneno nalikubali hilo kwa shingo upande: mwenye kusimulia mle ndani, wa kwanza, ni yule ambaye sauti yake haisikiki.

Vituo vya televisheni vya mataifa mengi viliitangaza taarifa hiyo. Wanamuziki wa Uingereza wakaimba, wa Marekani wakaimba, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid. Vyakula na fedha vilifika, na watu waliokoka. Ni kweli vilevile kwamba tangu hapo Mwafrika katika televisheni za ng'ambo amekuwa aghalabu ni mtu aliyekaa chini akingoja kupewa. Kamera iliwaonyesha wenye njaa. Vita vilivyoizidisha njaa hiyo havikuonekana sana. Silitupi lawama hilo lote kwa Amin, kwa kuwa waliochagua kuzirudia picha hizo mwaka baada ya mwaka walikuwa wengine. Yeye alipiga pia mahujaji wa Makka na nyika za Turkana, akatoa vitabu vingi. Lakini hivyo havikuimbiwa.

Juni 1991, ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa. Amin alipoteza mkono wake wa kushoto. Alitengenezewa mkono wa bandia unaoendeshwa kwa umeme, akarudi kazini na kamera yake. Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watekaji waliishurutisha iende Australia, mafuta yakaisha, ikaangukia baharini karibu na Ngazija. Abiria na wahudumu walikuwa 175. Waliokufa ni 125, naye akiwamo. Nilikuwa likizoni, kijana wa sekondari, na nakumbuka radio ikilitaja jina lake, nami nikiuliza ni nani.

Katika mlipuko ule wa Addis Ababa, aliyekuwa pamoja na Amin akichukua sauti ni John Mathai. Miaka hiyo mwenye kamera na mwenye sauti walizoea kufungwa pamoja kwa waya mmoja, asiweze mmoja kupiga hatua bila mwenziwe. Mathai alifia pale pale. Kazi yake Kiswahili hakijaipa jina hata hilo la 'mpiga', na masimulizi mengi ya maisha ya Amin humtaja kwa sentensi moja tu, nami nilikuwa karibu kufanya vivyo hivyo.