Kuhamisha choo gesti za mpakani: pima mteremko kabla ya kununua sinki

Dereva wa lori anayelala mpakani huuliza mambo mawili kabla ya bei: gari litalindwa wapi, na choo kiko ndani au nje. Swali hilo la pili ndilo linalowafanya wenye gesti wengi wabomoe vyumba vya zamani ili kuweka choo kona nyingine. Kazi huonekana ndogo, lakini ugumu wake uko chini ya sakafu.

Majengo mengi ya aina hiyo yamekaa juu ya jamvi la zege lililomwagwa ardhini. Hakuna nafasi ya fundi kuingia chini, na mara nyingi ukuta wa jirani uko karibu mno. Bomba la choo, maarufu kama la inchi nne, lina upana wa milimita 110 na linahitaji mteremko wa takriban sentimita 2.5 kwa kila mita.

Hapo ndipo hesabu inapowashinda wengi. Choo kikihamishwa mita 3, bomba litashuka sentimita 7.5. Ukijumlisha unene wa bomba lenyewe unapata sentimita 18.5, bila kuhesabu kiwiko wala zege la kulifunika. Iwapo bomba la zamani linaingia kwenye chemba kwa kina kidogo kuliko hicho, kuchimba hakutasaidia, kwani kina cha chemba hakibadiliki kwa kutaka.

Njia ya kwanza ni kukata jamvi kwa grinda na tindo, kulaza bomba na kumwaga zege upya. Kona kali ziepukwe, viwiko viwili vya nyuzi 45 vitumike badala ya kimoja cha 90. Kabla ya kufukia, bomba lizibwe na kujazwa maji kuangalia kama linavuja. Fundi anayekataa hatua hiyo kwa madai ya haraka huwa anarudi na tindo.

Ghorofani mambo ni tofauti kabisa: kuna nondo na mihimili isiyopaswa kuguswa, na bomba hupita chini ya dari ya duka la chini. Mwenye duka akikataa kufungua dari, hamna kazi.

Kwa chumba cha chini kinachopakana na uwanja, njia rahisi zaidi ni sinki linalotoa uchafu kwa nyuma. Tundu lake huwa kiasi cha sentimita 18 juu ya sakafu, hivyo bomba hutoboa ukuta na kuteremka nje hadi kwenye chemba, na jamvi halikatwi. Wengine huinua sakafu ya bafu kwa ngazi moja. Zipo pia mashine za kusaga na kusukuma uchafu, ila hutegemea umeme, na umeme ukikatika choo hakitumiki.

Bomba la kutolea hewa lisisahaulike. Bila hilo, maji yanayoziba harufu ndani ya sinki hufyonzwa na chumba kunuka hata kikisafishwa kila siku.

Kwa wauzaji, somo liko kwenye vipimo. Masinki mengi ya China yanayotoa uchafu chini hutengenezwa kwa umbali wa milimita 300 au 400 kutoka ukutani hadi katikati ya tundu, na kipimo hicho huchukuliwa baada ya marumaru kubandikwa. Anayepima ukuta mtupu hujikuta sinki halikai.

Aidha, wafanyabiashara wadogo wakumbuke kuwa utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama zilizomo kwenye orodha. Sinki la China haliingii humo hata kama liko moja, na hata kama lilinunuliwa duka la ng'ambo ya pili tu ya mpaka.

Wasafirishaji nao wapange masinki yakiwa wima, yametenganishwa kwa nyasi au maboksi. Wakati wa kupokea, gonga kila moja kwa kifundo cha kidole: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti ya kufa. Lifanyike hilo kabla ya kusaini karatasi ya kupokea mzigo.