Kenneth Dike, mwanahistoria aliyeokoa makaratasi ya nchi yake

Juma hili tunawaletea habari ya mtu wa Nijeria, Kenneth Onwuka Dike. Huenda wengi wetu hatujasikia jina lake, lakini kazi yake inatuhusu hata sisi wenye sanduku moja tu la makaratasi chini ya kitanda.

Dike alizaliwa Awka mwaka 1917. Alisoma Sierra Leone, kwenye chuo cha Fourah Bay, kisha akaendelea Uingereza. Mwaka 1950 alipata udaktari wa historia huko London. Wakati ule wataalamu wengi wa Ulaya walisema Afrika haikuwa na historia mpaka Wazungu walipofika. Dike alikataa. Katika kitabu chake juu ya biashara na siasa za delta ya mto Niger, kilichotoka mwaka 1956, alionyesha wafalme na wafanyabiashara weusi wakiendesha mambo yao wenyewe. Hakutosheka na barua za Wazungu. Alisikiliza pia masimulizi ya wazee.

Lakini historia itaandikwaje kama makaratasi yanaoza? Mwaka 1951 alipewa kazi ya kuchunguza hali ya nyaraka za serikali. Alizunguka ofisi za nchi nzima, akakuta nyaraka za zamani zimerundikwa penye unyevu, mchwa na wadudu wakizila. Alitoa ripoti, akaomba nchi iwe na nyumba ya kuzitunza. Mwaka 1954 ofisi hiyo ilianza, yeye akiwa kiongozi wake wa kwanza. Mwaka 1957 sheria iliifanya kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Makao yake yakawa Ibadan, na matawi Enugu na Kaduna.

Baadaye Dike akawa Mnijeria wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha Ibadan. Wakati wa vita ya Biafra alisimama upande wa watu wake, na baada ya vita akafundisha Harvard, Marekani. Alifariki mwaka 1983. Sisi walimu tunapenda jambo moja kwake: mtu wa masomo makubwa hivyo hakuona haya kushika karatasi zenye vumbi.

Sisi wa Congo tunajua hasara ya kukosa kazi kama hiyo. Mwaka 1960 Wabelgiji walipeleka sehemu kubwa ya nyaraka za ukoloni Brussels. Mpaka leo mtoto wetu anayetaka kuandika historia ya nchi yake analazimika kubisha hodi Ubelgiji. Ni kama kumuuliza jirani habari za nyumba yako mwenyewe.

Na nyumbani je? Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa huhangaika siku anapohitaji kuonyesha yeye ni nani. Mjane asiye na hati ya ndoa wala karatasi ya kiwanja husukumwa na ndugu za mume kabla matanga hayajaisha. Vita, moto, na lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 na 2021 vimetuonyesha kwamba mtu hukimbia na kile kilicho karibu na mkono.

Kwa hiyo, wamama, tufanye haya. Tuandikishe mtoto kwenye ofisi ya serikali ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Tuweke vyeti, buletini za shule na karatasi za kiwanja katika mfuko mmoja wa plastiki, juu, mbali na maji na panya. Tutoe kopi, tumwachie ndugu wa kuaminika. Na jioni tuwaulize bibi na babu majina ya wazazi wao na mahali walipotoka, mtoto anayejua kuandika ayaandike kwenye daftari.

Dike alitunza makaratasi ya taifa zima. Ya nyumba yetu yanatungoja sisi.